Namna ya Kuomba Asistantishipu: Kazi ya Chuoni Inayolipia Uzamili Marekani

Una shahada ya kwanza, alama zako si haba, unatamani kuendelea na uzamili au uzamivu Marekani, na ukipiga hesabu ya ada unaona hata shamba la ukoo likiuzwa halitoshi mwaka mmoja. Makala hii ni yako. Vyuo vya kule vina utaratibu wa kuwaajiri wanafunzi wao wa uzamili na uzamivu katika kazi za muda ndani ya chuo, na malipo ya kazi hizo ndiyo yanayomsomesha mtu. Wanafunzi wetu huita utaratibu huo asistantishipu, nami nitauita hivyohivyo.

Tuanze na malipo. Mkataba uliokamilika huwa na vitu vitatu: unasamehewa ada ya masomo, unalipwa posho ya kujikimu, na chuo kinachangia bima yako ya afya au kuilipa yote. Wewe kwa upande wako unafanya kazi saa 20 kwa wiki, ambazo kule huhesabiwa kuwa nusu ajira. Zipo pia nafasi za saa 10, yaani robo ajira, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Posho hushuka hadi nusu, na ada nayo huenda ikasamehewa nusu tu au isisamehewe kabisa. Kwa hiyo mtu akikupigia simu kwa furaha kwamba amepata asistantishipu, mpongeze, halafu muulize ni ya saa ngapi.

Je, chuo kinapata faida gani? Kubwa sana, na ukilielewa hili utajua pa kubisha hodi. Somo la kemia la mwaka wa kwanza lenye wanafunzi 300 haliwezi kuendeshwa na profesa mmoja. Anahitaji watu wa kusimamia maabara na kusahihisha mitihani. Profesa mwenye ruzuku ya utafiti anahitaji mikono ya kukusanya na kuchambua takwimu. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni inahitaji mtu wa kuwapokea wageni Agosti. Kila asistantishipu, basi, ina mtu fulani mwenye kazi fulani inayomsubiri mfanyaji. Hakuna ofisi moja ya ufadhili inayogawa nafasi zote, na ndiyo maana wanaoandika "naomba ufadhili" bila kujua wanamwomba nani hawajibiwi.

Nafasi ya kwanza, na iliyo nyingi kuliko zote, ni ya msaidizi wa kufundisha. Wenyewe humwita TA. Kazi yake hutofautiana sana. Kuna TA anayesahihisha tu. Kuna anayeongoza semina za wanafunzi 20 au 25 baada ya mhadhara wa profesa, au anayesimamia maabara. Na kuna anayekabidhiwa darasa lake mwenyewe, akaandaa mpango wa somo, akafundisha, akatunga mtihani na kutoa alama. Hili ni la kawaida katika uandishi wa Kiingereza wa mwaka wa kwanza, hisabati za mwanzo na lugha za kigeni. Fedha zake hutoka kwenye bajeti ya idara, na kamati ya idara ndiyo inayochagua. Kwa hiyo anayeomba nafasi hii anaiandikia idara. Profesa mmoja mmoja hana la kukusaidia hapa.

Hapo kwenye lugha za kigeni tusimame kidogo, maana Kiswahili ni mojawapo. Kinafundishwa katika vyuo vingi vya Marekani, vikiwamo Ohio University mjini Athens, Indiana University mjini Bloomington, University of Wisconsin mjini Madison, University of Kansas mjini Lawrence na University of Florida mjini Gainesville. Kwa miaka mingi Watanzania na Wakenya wamesoma isimu, elimu, fasihi au masomo ya Afrika katika vyuo vya aina hii huku wakifundisha Kiswahili cha mwanzo asubuhi. Lakini kuzaliwa Tanga au Lamu hakutoshi. Idara inataka mtu anayeweza kumweleza kijana wa Kansas kwa nini kiti ni "kizuri" na meza ni "nzuri", na akaeleza bila kusema "ndivyo tunavyosema". Ukiwa umefundisha Kiswahili kwa wageni popote, iwe Zanzibar kwenye shule za lugha, kwenye kambi za wanaojitolea, au hata mtandaoni, liandike hilo juu kabisa kwenye wasifu wako.

Jirani yake ni mpango wa Fulbright wa walimu wa lugha, ujulikanao kama FLTA. Watu huuchanganya na asistantishipu, kwa hiyo tuutenganishe. FLTA ni ya mwaka mmoja wa masomo, miezi tisa hivi. Unafundisha Kiswahili na kusoma kozi chache, ila hutunukiwi shahada. Maombi yake hupitia ubalozi wa Marekani nchini mwako, na viza yake, iitwayo J-1, inakutaka urudi nyumbani ukae miaka miwili kabla ya kuomba baadhi ya viza nyingine za kazi au makazi. Ni mlango mzuri kwa mwalimu kijana anayetaka kujijengea jina la kufundisha lugha. Anayetaka shahada asiufanye kimbilio pekee.

Nafasi ya pili ni ya msaidizi wa utafiti, au RA. Huyu analipwa na ruzuku ambayo profesa ameipata kutoka nje ya idara: serikali kuu, shirika, wakati mwingine kampuni. Katika sayansi, uhandisi, kilimo na afya ya jamii ndiyo njia kuu. Uzuri wake ni kwamba kazi unayolipwa mara nyingi ndiyo tasnifu yako yenyewe. Ubaya wake ni kwamba ruzuku ina mwisho. Waliosoma Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wanaukumbuka mradi wa iAGRI uliowaunganisha na Ohio State University kwa fedha za USAID na kuwasomesha wengi. Leo USAID yenyewe haipo tena kama ilivyokuwa, na tangu 2025 ruzuku nyingi za serikali kuu ya Marekani zimekatwa au kupunguzwa. Kwa hiyo profesa akikuambia anakuhitaji, muulize kwa adabu ruzuku yake inafika mwaka gani, na ikikatika idara itakuchukua kama TA au la. Si utovu wa heshima. Maprofesa wa kule wamezoea swali hilo.

Ya tatu ni ya msaidizi wa ofisi, GA. Maktaba, ofisi ya udahili, kituo cha wanafunzi wa kigeni, kituo cha uandishi, idara ya michezo, ofisi ya tehama: zote huajiri wanafunzi wa uzamili. Kwa anayesoma uongozi wa elimu, biashara, utawala wa umma au ushauri nasaha, hii huenda ikawa ndiyo nafasi pekee iliyopo, kwa kuwa idara zao hazina madarasa makubwa wala maabara. Nafasi hizi hutangazwa kwenye ukurasa wa ajira wa chuo, mara nyingi kati ya Februari na Mei, na unatuma maombi kama ya kazi nyingine yoyote, ukiwa tayari umedahiliwa au unasubiri majibu ya udahili. Angalizo moja la kodi: sheria ya Marekani husamehe kodi kwenye punguzo la ada la wanaofundisha na wanaotafiti. Msaidizi wa ofisi huweza kukatwa kodi kwa kiasi cha ada kinachozidi dola 5,250 kwa mwaka. Wengi hulijua hilo siku wanapoona mshahara wa mwezi umenywea.

Mabwenini nako kuna wasimamizi ambao ni wanafunzi wa uzamili. Hao hupewa chumba bure, pengine na chakula, pamoja na posho. Kwa mtu asiye na familia ni mpango mzuri, mradi awe tayari kugongewa mlango saa nane za usiku na mwanafunzi aliyepoteza ufunguo.

Nani hasa hupata nafasi hizi? Nitasema wazi, kwa sababu mawakala hawasemi. Programu nyingi za uzamivu hudahili watu wachache na kuwagharimia wote kwa miaka minne au mitano. Programu za uzamili ni kinyume: nyingi, hasa za biashara, sheria na afya ya umma, hutegemea ada ya mwanafunzi na hazina asistantishipu ya maana. Uzamili wa isimu, historia, hisabati, takwimu, kilimo na sayansi za msingi una nafuu. Tena Marekani mtu anaweza kuingia uzamivu moja kwa moja akiwa na shahada ya kwanza tu, jambo ambalo kwetu halijazoeleka. Kama alama zako ni za juu na unajua unachotaka kutafiti, usijizuie kuomba uzamivu kwa kudhani lazima kwanza ulipie uzamili.

Sasa kalenda. Masomo huanza Agosti, na programu zenye ufadhili hufunga maombi kati ya tarehe 1 Desemba na katikati ya Januari. Baadhi huwa na tarehe mbili, ya mapema kwa wanaotaka kufikiriwa kwa asistantishipu, ya baadaye kwa wanaojilipia. Fuata ya mapema. Maana yake ni kwamba anayetaka kuanza Agosti ijayo aanze kutafuta vyuo Juni au Julai mwaka huu, afanye mitihani ya lugha kufikia Oktoba, na awape wadhamini taarifa Oktoba hiyohiyo. Kwenye fomu ya maombi mara nyingi kuna kisanduku kinachouliza kama unataka kufikiriwa kwa asistantishipu. Kiwekee alama. Halafu soma ukurasa wa idara, maana nyingine zina fomu ya pili ya peke yake, na asiyeijaza hafikiriwi hata awe na alama za namna gani.

Nyaraka ni zilezile kwa vyuo vingi: transkripti, wasifu, maelezo ya lengo la masomo, barua tatu za wadhamini, na cheti cha mtihani wa Kiingereza. Wanaoomba sayansi ya jamii na lugha huongezewa sampuli ya maandishi ya kitaaluma, na sura moja ya tasnifu yako ya shahada ya kwanza iliyosafishwa vizuri inafaa.

Kuhusu transkripti kuna jambo linalowaponza wengi bila wao kujua. Kwenye vyuo vyetu vingi, Dar es Salaam na Nairobi, asilimia 70 ni A. Marekani asilimia 70 ni alama ya kubahatisha kupita. Msomaji wa kule akiona 72 anaweza kukuweka pembeni. Usijigeuzie alama mwenyewe. Badala yake hakikisha ukurasa unaoeleza viwango vya alama, ambao mara nyingi huwa nyuma ya transkripti, umepigwa picha na kuambatishwa. Mwombe pia mdhamini mmoja aandike kwamba ulikuwa miongoni mwa wanafunzi watano bora katika darasa la watu 80, kama ni kweli. Sentensi hiyo inaeleweka kila mahali.

Wadhamini wape wiki sita. Mfumo wa maombi huwatumia kiungo kwa barua pepe, wao wenyewe ndio hupakia barua. Mhadhiri anayetumia anwani ya chuo anaaminika zaidi kuliko mwenye anwani ya kawaida, kwa hiyo mwombe ya chuo, na siku kumi kabla ya mwisho mkumbushe. Wahadhiri wetu wana madarasa makubwa na wengine huwa safarini; kukumbusha mara mbili kwa upole hakumkwazi mtu. Mpelekee na rasimu ya maelezo yako pamoja na orodha ya vyuo na tarehe, asilazimike kutafuta.

Kumwandikia profesa moja kwa moja kunafaa kwa anayetafuta nafasi ya utafiti. Barua iwe fupi, ienee kwenye skrini ya simu. Sema wewe ni nani na umesoma wapi. Taja makala yake moja uliyoisoma na swali lililokujia ulipoisoma. Eleza ujuzi ulio nao ambao maabara yake inaweza kuutumia, kama vile programu ya takwimu, kazi za uwandani, au kupima udongo. Kisha uliza kama anatarajia kuchukua mwanafunzi mwaka ujao. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili. Usiombe fedha katika barua ya kwanza, na usitume barua moja kwa maprofesa 50 ukiwa umeacha "Mheshimiwa" bila jina, hiyo hufutwa. Wiki mbili zikipita kimya, kumbusha mara moja, kisha songa mbele.

Gharama za kuomba zinauma, na ni vizuri kuzijua mapema. Ada ya maombi kwa vyuo vingi ni kati ya dola 50 na 100 kwa kila programu. Mtihani wa GRE, unaopima hoja, hesabu na uandishi, ni dola 220. Lakini tangu miaka ya janga la Uviko programu nyingi zimeuacha, kwa hiyo usiulipie kabla ya kusoma masharti. Mtihani wa Kiingereza wa Duolingo hufanyika nyumbani kwa kompyuta na bei yake ni ndogo kuliko ya TOEFL au IELTS, ila si kila programu inaukubali, na kwa wanaoomba kufundisha idara huangalia hasa alama ya kuzungumza. Vyuo vingine husamehe mtihani kwa aliyesoma chuo kikuu kinachofundisha kwa Kiingereza. Iandikie ofisi ya udahili uulize nchi yako inahesabiwaje.

Ada ya maombi nayo husamehewa. Mwandikie mratibu wa masomo ya uzamili wa idara, ambaye jina lake liko kwenye ukurasa wa idara, sentensi tatu tu: unaomba programu ipi, gharama inakushinda kwa sababu gani, na kama kuna namna ya kuondolewa ada. Wengi hukubali. Wengine hukataa kwa sababu sheria ya chuo chao hairuhusu, na hapo unapoteza barua pepe moja tu. Kuna pia EducationUSA, huduma ya ushauri wa masomo ya serikali ya Marekani, yenye washauri katika balozi za Nairobi na Dar es Salaam. Ushauri wao ni bure. Nenda kabla ya kumlipa mtu yeyote. Mawakala wanaodai asilimia ya posho yako ya baadaye wanauza kitu wasichokuwa nacho: nafasi hutolewa na idara, na chuo halali hakikutozi fedha ili kikuajiri.

Tuseme barua ya kukubaliwa imekuja Februari au Machi, na ndani yake kuna asistantishipu. Usijibu siku hiyohiyo kwa furaha. Vyuo vingi vimetia saini makubaliano ya Baraza la Shule za Uzamili la Marekani kwamba mwanafunzi aliyepewa ufadhili ana hadi tarehe 15 Aprili kuamua. Tumia muda huo kusoma.

Angalia kwanza miezi. Mikataba mingi ni ya miezi tisa, Agosti hadi Mei. Miezi mitatu ya kiangazi haina posho, lakini kodi ya nyumba haina likizo. Angalia ada: "kusamehewa ada" huhusu masomo, ilhali michango ya chuo kama tehama, michezo na kituo cha afya hubaki juu yako, na penginepo hupita dola 1,000 kwa muhula. Uliza kiasi kamili. Angalia bima, kwa kuwa bila bima kulazwa siku moja kunaweza kumeza posho ya mwaka. Angalia masharti ya kuendelea: kwa kawaida ni wastani usiopungua 3.0 kati ya 4.0, na kwa anayefundisha, tathmini nzuri.

Posho yenyewe ipime kwa mji. Dola 20,000 kwa miezi tisa katika mji mdogo wa Ohio zinamlisha mtu mmoja na kubakiza kidogo. Kiasi hichohicho Boston au Los Angeles hakifiki popote. Hili ndilo lililowafanya wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California, wengi wao wasaidizi wa aina hii, kugoma kuanzia tarehe 14 Novemba 2022 kwa takribani wiki sita, hadi wakapata mikataba mipya yenye posho ya juu zaidi. Vyuo kadhaa sasa vina vyama vya wafanyakazi wa uzamili, na pale vilipo mkataba wa chama hupatikana mtandaoni. Usome: utakuambia posho ya chini, likizo ya ugonjwa na mahali pa kulalamika, mambo ambayo barua yako haitayataja. Ukiwa na barua mbili mkononi, unaruhusiwa kuiuliza idara unayoipenda zaidi kama inaweza kuongeza kitu. Uliza kwa ustaarabu, mara moja.

Baada ya kukubali, chuo hukutumia fomu ya I-20, inayoonyesha gharama za mwaka na nani anazilipa. Asistantishipu ikiwa haifiki jumla hiyo, wewe ndiye utakayeonyesha tofauti kwa taarifa za benki za mzazi au mdhamini. Kisha unalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa kusajili wanafunzi wa kigeni, unajaza fomu ya DS-160, unalipa dola 185 za viza na kwenda kwenye usaili.

Kabla ya kulipa hizo dola 350, soma tangazo la karibuni la ubalozi. Juni 2025 Marekani ilizuia viza za wanafunzi kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwamo, na Desemba mwaka huo ikatangaza kuongeza nyingine, Tanzania ikiwa mojawapo. Matangazo haya hubadilika. Mtanzania au Mrundi aliyekwisha kukubaliwa aiandikie idara kuomba nafasi yake isogezwe hadi mwaka unaofuata. Vyuo vingi hukubali kushikilia udahili, ingawa si vyote vinavyoshikilia posho. Asikae tu akisubiri, kwa kuwa Canada nako kuna TA na RA wa namna hiihii, na Ujerumani nafasi nyingi za uzamivu ni ajira yenye mkataba wa utumishi wa umma, na hutangazwa kama kazi. Na wasomaji wetu walioko Marekani tayari kama wakazi wa kudumu au wakimbizi waliopewa makazi, wakiwamo ndugu wengi kutoka Kongo, hayawahusu mambo ya viza. Kwao asistantishipu ya kufundisha Kiswahili ni nafasi ambayo wachache wanaijua.

Ikiwa tayari umeajiriwa katika chuo cha nyumbani kama mkufunzi msaidizi, nafasi ambayo vyuo vya umma Tanzania hutaka wastani wa 3.8 kati ya 5, unalo jambo la kuandika katika maombi, maana umeshafundisha. Pata ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla ya kuondoka, na uelewe mshahara wako wa nyumbani utakuwaje ukiwa nje.

Ukifika, kuna wiki ngumu. Masomo yanaanza Agosti, na mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa hadi mwisho wa Septemba, huku mwenye nyumba akitaka kodi ya mwezi na amana. Nenda na akiba ya miezi miwili. Namba ya hifadhi ya jamii, ambayo mwajiri ataihitaji, hutolewa bure. Unakwenda kuiomba ukiwa na barua ya idara na ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, kwa kawaida hakatwi makato ya hifadhi ya jamii katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda. Ukiona umekatwa, iulize ofisi ya mishahara. Kodi ya mapato utakatwa, kwa kuwa si Kenya wala Tanzania yenye mkataba wa kodi na Marekani, na kila mwaka utajaza fomu 8843 na 1040-NR. Ofisi nyingi za wanafunzi wa kigeni hutoa programu ya bure ya kuzijaza.

Viza hiyo hairuhusu kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, wala kazi ya nje ya chuo bila kibali. Kuendesha teksi ya mtandaoni usiku kwa jina la rafiki ni kuhatarisha shahada nzima. Mke au mume anayekuja kwa viza ya F-2 haruhusiwi kufanya kazi kabisa, na bima yake mara nyingi hailipwi na chuo. Wenye familia wafanye hesabu hiyo wakiwa bado nyumbani.

Na ukikubaliwa masomo bila asistantishipu? Usifunge faili. Muulize mratibu kama kuna orodha ya wanaosubiri, kwa sababu baada ya tarehe 15 Aprili wapo wanaokataa nafasi zao. Agosti idara nyingine hujikuta na darasa lisilo na mwalimu kwa sababu mtu amekosa viza au amehamia kwingine, na anayepigiwa simu wiki hiyo ni yule ambaye jina lake, wasifu wake na uthibitisho kwamba anaweza kufundisha vilikwisha kufika mezani.